Fundi Cherehani Aliyewasha Trekta kwa Kukaa

Trekta lenyewe lilikuwa linaitwa Shangazi, na kama umewahi kuwa na shangazi wa kweli huna haja ya kuuliza kwa nini. Lilikuja pale nyumbani baba yake Mama Gia alipofariki na kaka zake wakagombania kila kitu isipokuwa hilo. Likakaa uani, likaziba njia ya bafuni, likawa linanguruma asubuhi watu wamelala, na siku likinuna nyumba nzima inajua. Mama Gia hakulilalamikia hata mara moja. Aliliendesha kwa baba yake tangu akiwa msichana ambaye mguu haujafika vizuri kwenye breki. Akaolewa akiliendesha, akazaa akiliendesha, tena mtoto wa kwanza nusura amzalie juu yake, lakini hayo tuyaache.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde na mtu akaitika kwa woga. Jina la Mama Gia alipewa na majirani waliokuwa wakipima hasira zake. Akisema "haya" kwa upole, hiyo ni gia ya kwanza, bado unaweza kujieleza. Akikuita "bwana wee", ya pili, tafuta viatu vyako. Ya tatu haina maneno, anajifunga kibwebwe tu. Ya nne waliiona watu wachache na hawapendi kuizungumzia.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Mtu mkubwa, mnene, mpole, wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Alishona kwenye chumba cha mbele, mashine dirishani, futi ya kitambaa shingoni hata siku ambazo hapimi mtu. Naye alimwogopa huyo Shangazi kupindukia. Trekta likinguruma uani, mishono ilikwenda kombo, na akitaka kuoga alilizunguka kwa mbali kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Lakini kwa kazi yake, fundi huyo hakuwa na mpinzani, na sifa yake ilikuwa malizio ya ndani. Mafundi wengine wanashona nje pakapendeza na ndani pakaning'inia nyuzi. Yeye hapana. Ndani ya mfuko, chini ya kola, mahali ambapo hata mwenye nguo hatapaona mpaka anazikwa, alikunja, akapiga pasi, akashona tena. Kuna mteja alikwenda mkutanoni amevaa koti nje ndani, akakaa kutwa, akapewa na pongezi, asijue mpaka alipotafuta mfuko wa kalamu.

Shikilia hapo kwenye malizio ya ndani, tutapahitaji.

Siku moja binti yao akajifungua, Mama Gia akafunga safari kwenda kumsaidia kulea. Huku nyuma mumewe akakaa na upweke wake na akili ikamtembea. Akaliangalia Shangazi, kutu hapa, kutu pale, akajisemea kwamba miaka yote hajawahi kumpa mke wake kitu ambacho si nguo. Akanunua rangi ya buluu. Akapiga moyo konde, akalisogelea lile dude huku akiliomba radhi, akalipiga msasa na kulipaka mkono wa kwanza, mkono wa pili, pembeni, chini, kwenye vishikizo. Vilivyofunguka akavifungua ili brashi ifike, kisha akavirudisha kimoja kimoja na kuvikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mama Gia aliporudi akakuta uani kuna kitu kinang'aa. Akalizunguka mara mbili. Mumewe alikuwa mlangoni, anasokota ile futi ya kitambaa mpaka ikawa kamba.

"Umepaka mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama watoto."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Asubuhi yake akapanda, akazungusha ufunguo. Shangazi akasema "tik", kale kataa kadogo kekundu ka umeme mbele ya usukani kakafifia kakazimika, basi. Akazungusha tena. Tik. Akateremka, akagonga hapa na pale, akakaza alichoweza kukaza, akapanda. Tik.

Ikawa sasa ni kusukuma. Mtaa wao una mteremko kidogo, na mtaa mzima ukaanza kutolewa asubuhi kama jeshi: kinyozi ana povu la mteja mkononi, muuza mkaa, mama wa maandazi, wote wameinama nyuma ya Shangazi, Mama Gia juu anapiga kelele, "Sukumeni jamani, msilipapase!" Likipata kasi analiachia gia, linakohoa, linawaka, linawamwagia moshi mweusi usoni, na yeye anapunga mkono wa shukrani bila kugeuka. Siku ya kwanza walicheka. Baada ya muda kinyozi akaanza kufungua duka akiwa amechelewa makusudi, na muuza mkaa akapata maumivu ya mgongo yanayompata asubuhi tu.

Na hapo ni nyumbani. Likizimika shambani, tambarare, hakuna mtu, utamsukumisha nani? Kunguru?

Akaitwa fundi umeme wa mtaa, Waya Moto. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa akipima kama waya una moto kwa kuugusa na kidole, na ukimtazama nywele unaamini. Waya Moto akaleta betri yake mwenyewe, akaifunga. Tik. Akaifungua stata, ile mota inayoamsha injini, akailaza chini, akaiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka kwa fujo hadi ikajiviringisha ikaipiga mateke ndoo ya maji. Nzima kabisa. Akairudisha mahali pake. Tik. Akatoa taa yake ya kupimia, kibalbu chenye waya mbili, ncha moja akaigusisha kwenye waya unaokwenda kwenye stata, nyingine kwenye kichwa cha hasi pale pale juu ya betri. Kibalbu kikawaka vizuri sana.

"Umeona? Umeme upo," alisema Waya Moto.

"Upo halafu?"

"Upo, ila haujisikii vizuri."

"Bwana wee!"

Waya Moto akaijua gia ya pili, akaanza kukusanya spana. Kwa kujitetea akainama kwenye lile boksi la betri chini ya madigadi ya kushoto, yaani bati linalofunika gurudumu, akauangalia waya wa athi, ule mnene unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha trekta ili umeme upate njia ya kurudi. "Hata athi yako hii mpya kabisa, mama. Imekaza, inang'aa. Mimi hapa nimefika mwisho." Akaondoka haraka mpaka akasahau ile taa ya kupimia juu ya dumu.

Sasa majirani walikuwa na bata mzinga. Dume, jeuri, halina adabu, linachukia watu wanene. Sijui walilikosea nini. Asubuhi moja fundi cherehani katoka bafuni, taulo begani, lile bata likamwona. Likatanua mkia, likamjia mbio. Jamani, mtu akikimbia kwa roho yake haangalii anapanda wapi! Fundi akaruka, akajikuta amekaa kwenye madigadi ya kushoto ya Shangazi, miguu juu, anapiga mayowe, na wakati huo huo Mama Gia alikuwa kitini anazungusha ufunguo kwa mara ya hamsini bila matumaini.

Shangazi akawaka.

Bata mzinga lilikimbia mpaka leo halijulikani lilikopitia. Mke na mume wakatazamana. Mama Gia akazima. Akawasha. Likawaka. "Shuka," akasema. Mumewe akashuka polepole, anatazama nyuma kwa ajili ya bata. Mama Gia akazungusha ufunguo. Tik. "Panda." Akapanda. Likawaka.

"Shuka!" Tik. "Panda!" Ngurumo. Walifanya hivyo mpaka kinyozi akaja dirishani na wembe mkononi, mteja nusu ndevu nyuma yake.

Mama Gia si mtu wa kuamini mambo ya ajabu. Siku hiyo hiyo, mumewe alipokwenda kununua nyuzi, akabeba magunia mawili ya mahindi kwa toroli, akayapandisha kwenye madigadi. Kwa kuwa upande wa kushoto ndio yeye hukanyaga kupanda, akayapakia upande wa kulia. Akazungusha. Tik. Akaongeza la tatu, akisukuma kwa kichwa na mabega. Tik. Mumewe akarudi, akamkuta anahema, kafunikwa vumbi la mahindi.

"Kumbe ulidhani ni uzito," alisema fundi cherehani taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane kifua chake kilitangulia mbele ya tumbo. "Si uzito, mama watoto. Ni mimi."

Lo! Tangu hapo hakukaliki. Mtu aliyekuwa akizunguka trekta kwa mbali, sasa analipigapiga mgongoni anapita. Akajishonea mto wa kazi, kitambaa cha kijivu, pembe zimekunjwa, ndani umemaliziwa kama suti ya harusi. Kila asubuhi alitoka nao kwapani, akaupanga kwenye madigadi ya kushoto, akakaa, akafumba macho kidogo, akasema, "Haya, washa." Na kwa kuwa Shangazi akizimika shambani hakuna wa kumwamsha, ikabidi mkewe aende naye kutwa nzima, kitambaa mapajani, anapiga vifungo kwa mkono huku trekta linamrusha. Kuna shati lilitoka huko na vifungo vinapanda kilima.

Sifa zikaenea. Watu wakaanza kumwita Bwana Mkaaji. Mashine ya kusaga unga ya jirani ikagoma, wakamwita. Akakaa juu yake na mto wake, mara umeme uliokuwa umekatika mtaa mzima ukarudi, mashine ikanguruma, akapigiwa makofi. Pikipiki ya kijana mmoja ikakataa. Mkaaji kapanda, goti lake likagusa koki ya mafuta iliyokuwa imefungwa, pikipiki ikawaka. Sasa utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Mama mmoja alimwita akakalie friji. Akaenda! Friji halikupona, na mlango wake tangu siku hiyo unafungwa kwa kamba, lakini yeye akasema friji lile lilikuwa na matatizo ya zamani.

Mashine yake ya kushona ikaanza kuota vumbi. Mteja alikuja kuchukua suruali akapewa mguu mmoja, akaambiwa mwingine uko njiani.

Mama Gia aliumia, tuseme ukweli. Miaka yote ni yeye. Watu wakisikia ngurumo walisema, huyo Mama Gia anakuja. Sasa anapita barabarani na mama wa maandazi anapaza sauti, "Mkaaji, hujambo?" na yeye mwenye usukani haulizwi hata hali. "Nimekuwa dereva wa makalio ya watu," alilalamika kwa binti yake kwenye simu, na binti akacheka mpaka mtoto akaamka. Kila jioni alilala akisubiri siku moja tu, siku atakayopata sababu ya kumwambia mumewe: si wewe. Neno lenyewe alishaliandaa, hata sauti ya kulisemea.

Ndipo akaja mwenyekiti wa chama cha wakulima. Alikuwa mtu wa kanuni, anavaa koti juani, na kalamu mbili mfukoni ijapokuwa hajawahi kuonekana akiandika. Akasimama uani, akamtazama Mkaaji alivyokaa kwenye mto.

"Mama, mashamba ya chama msimu huu tungependa ulime wewe kama kawaida. Ila wanachama wamelalamika. Trekta la kusukuma, trekta la kukaliwa, hapana. Keshokutwa uje nalo ofisini. Tutalizima, tutaliwasha. Kwa ufunguo. Na dereva peke yake juu."

"Mimi nitakaa kimya kabisa," alisema Mkaaji.

"Hata ukikaa kimya."

"Nikikaa kidogo tu, upande mmoja?"

"Kanuni, ndugu yangu. Lisipowaka tunaagiza la kutoka mbali, na ndiyo basi."

Mwenyekiti akaenda zake. Mama Gia alibaki ameshika tama. Bila mashamba ya chama, Shangazi hana kazi, na trekta lisilo na kazi rafiki yake ni mmoja tu, yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Alishapita pale zaidi ya mara moja, akaligongagonga kwa kidole kama anachagua tikiti maji. Kaka zake Mama Gia walikuwa wameshaanza kumpigia simu, wanakumbuka ghafla kwamba baba alikuwa baba wa wote. Mama Gia alilitazama lile dude la buluu, akaogopa. Aliogopa kweli kweli.

Kesho yake mchana Mkaaji aliitwa kukalia pampu ya maji ya mtu, akaondoka na mto wake. Mama Gia akabaki na Shangazi peke yao. Akajifunga kibwebwe.

"Haya," alimwambia trekta. "Leo mimi na wewe."

Akafikiri. Mzee akikaa, linawaka. Gunia likikaa, haliwaki. Mzee ni mtu na gunia ni gunia, sawa, lakini chuma kitajuaje? Akaanza kuigiza: mzee anatoka mlangoni, anapita hapa, anapandia hapa, anakaa hapa, kushoto. Akasimama. Magunia aliyaweka wapi? Kulia. "We mwanamke," alijiambia kwa sauti, "una kichwa au una kibuyu?"

Akapanda madigadi ya kushoto mwenyewe, akawasha swichi mpaka kataa kekundu kakatokea, kamefifia, hakana raha. Akaruka pale juu ya madigadi kwa miguu miwili. Kataa kakacheza. Akaruka tena, kakang'aa kidogo kakafifia. Kilo zake hazikutosha, lakini jibu alilipata: kuna kitu chini ya yale madigadi kinagusana ukikikandamiza. Na chini ya yale madigadi kuna boksi la betri.

Akachukua ile taa ya Waya Moto juu ya dumu. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye hasi: inawaka, betri nzima. Halafu, badala ya hasi ya betri, ncha ile ya pili akaipeleka kwenye chuma cha trekta chenyewe, kwenye bolti moja ya injini isiyo na rangi. Giza. Hata cheche hakuna. Waya Moto alikuwa ameipima betri kwa betri yenyewe, hakuugusa mwili wa trekta! Umeme unatoka vizuri, kurudi ndiyo hauna njia.

Akauendea ule waya wa athi, unaong'aa, uliokaza. Akaufungua kwa spana, na ulikaza kweli, mpaka alining'inia. Bolti ikatoka. Akaangalia chini yake.

Buluu.

Buluu safi, laini, mikono miwili. Pale ambapo chuma kinatakiwa kugusana na chuma, palikuwa pamepakwa kwa uangalifu ambao hujapata kuuona. Kichwa cha waya kimepakwa mbele na nyuma. Washa, ile pete ndogo ya chuma inayokaa chini ya bolti, imepakwa pande zote. Hata ndani ya tundu la bolti alikuwa amezungusha brashi. Mahali ambapo hakuna mtu angepaona mpaka trekta linazikwa, mzee alikuwa amemalizia. Alisahau ukingo mmoja tu, mdogo kama ukucha, na huo ndio uliokuwa ukigusa mzigo ukikaa kushoto.

Mama Gia aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye oili. Miujiza yote, makofi yote, friji la watu limeharibika, kumbe rangi! Akainuka ili akimbie kwenye hiyo pampu ya maji, akamwambie mbele za watu lile neno aliloliandaa: si wewe. Akafika mpaka getini.

Akasimama pale. Kwa sababu akimwambia si wewe, itabidi amwambie na lile la pili: ni wewe. Ni wewe uliyemuua Shangazi, kwa zawadi yako. Akamkumbuka alivyosimama mlangoni siku ile, futi imekuwa kamba. Akarudi pole pole, akatafuta msasa.

Alikwangua mpaka chuma kikaonekana cheupe. Akakwangua kichwa cha waya, akakwangua washa, moyo unamuuma kwa kila mkwaruzo, kama vile anafumua nguo nzuri. Akafunga, akakaza, akapanda, akazungusha ufunguo. Shangazi akaruka na kunguruma kabla hata ufunguo haujafika mwisho. Mama Gia akamzima haraka, akaangalia huku na huku kama mwizi.

Jioni mzee akarudi, mto umelowa. "Pampu ile imepasuka," alisema. Kisha akatega sikio. "Mchana nilisikia kama Shangazi ameamka."

"Ni gari la mkaa."

Mzee akamtazama usoni, akamtazama mikono, akaenda kunawa. Wakati wa kula alihangaika. "Kesho utafanyaje bila mimi? Nimefikiri, nitasimama karibu, niliguse tu kwa kidole. Kanuni imesema juu, haikusema pembeni."

"Usijisumbue, baba watoto. Nitajaribu."

"Mimi nasumbuka," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na woga ule ule wa mkewe. "Wakilichukua lile utakufa."

Siku yenyewe uwanja wa ofisi ya chama ulijaa. Kinyozi alikuja, muuza mkaa alikuja, wamekunja mikono ya mashati tayari kusukuma ikibidi. Waya Moto alisimama nyuma kabisa, karibu na njia ya kukimbilia. Mama Gia alifika akiwa peke yake juu, akazima injini kama alivyoamriwa. Mwenyekiti akainua mkono. Mkaaji alikuwa mbele ya watu, mto kwapani, amefumba macho, midomo inacheza. Anaomba, masikini ya Mungu. Anaombea trekta liwake bila yeye.

Ufunguo. Shangazi akawaka.

Wakapiga kelele, kofia zikaruka. "Tena!" alisema mwenyekiti. Likawaka tena. "Na tena!" Likawaka. Mwenyekiti akampa Mama Gia mkono, akasema mashamba ni yako, na Mama Gia alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Kisha mtu mmoja, mimi naamini ni kinyozi, mdomo wake ule, akapaza sauti: "Kumbe hata bila Mkaaji!"

Watu wakacheka sana. Mkaaji naye akacheka. Alicheka pamoja nao, akapiga makofi, na huku anapiga makofi ule mto akausogeza polepole nyuma ya mgongo wake. Mama Gia aliuona mkono huo kutoka juu kwenye kiti, na furaha yake yote ikaingia mchanga.

Jioni ile mzee alikaa kwenye mashine yake, akaifuta vumbi, akaumalizia ule mguu wa pili wa suruali.

Asubuhi yake ndiyo siku ya kwanza ya kulima. Mama Gia akapanda, akaushika ufunguo, hakuuzungusha. Akakaa. Chumba cha mbele kilikuwa kinasikika, tarararara, mashine inashona. Akapiga kelele za ng'ambo ya bonde.

"Baba watoto! Huyu Shangazi amegoma!"

Tarararara ikanyamaza. Mzee akatokea mlangoni.

"Amegoma?"

"Kakataa katakata. Njoo ukae."

"Jana si aliwaka?"

"Jana ni jana. Utakuja au niwaite wasukumaji?"

Mzee akaingia ndani, akatoka na mto na kitambaa chake cha kushona. Akaupanga mto kwenye madigadi ya kushoto, akaunyoosha pembe, akakaa, akafumba macho kidogo. "Haya, washa."

Mama Gia akawasha. Wakatoka getini, wakampita kinyozi, wakampita mama wa maandazi aliyepaza sauti, "Mkaaji, hujambo!" na safari hii Mama Gia hakusikia uchungu wowote, akapiga honi. Mbele kidogo, kelele zikiwa nyingi, mzee akamwinamia sikioni.

"Ile athi umeikwangua vizuri," alisema. "Ila hukumalizia. Chuma kitupu kitashika kutu. Nimeamka mapema nikakipaka grisi kuzunguka."

Mama Gia nusura aingize trekta mtaroni.

"Umejuaje?"

"Juzi ulikuja mezani na buluu kwenye pindo la mkono, na jana Shangazi alipowaka bila mimi nikaelewa, nikaenda kutafuta palipokwanguliwa. Buluu ile naijua, nimechanganya mwenyewe."

Trekta likaenda. Mama Gia alikuwa akitazama mbele tu, macho yamemjaa, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia, labda wa Shangazi.

"Sasa kama ulijua," alisema mwisho, "asubuhi hii umepanda kufanya nini?"

"Si umeniita," alisema fundi cherehani, akajiweka sawa juu ya mto, akaanza kutunga uzi kwenye sindano.